Wapiga chapa watoe masharti ya faili kwa maandishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu niseme na makundi mawili: wanaopeleka kazi matbaani, na wenye matbaa. Kitabu kikitoka na picha zilizofifia, jalada likiwa na mstari mweupe pembeni, au namba za kurasa zikiwa zimekatwa nusu, lawama humwangukia fundi wa mashine. Mara nyingi mashine imechapa kile kile ilichopewa. Kosa lilikuwamo ndani ya faili kabla wino haujagusa karatasi, na lilikuwamo kwa sababu hakuna aliyemwambia msanifu kuwa kazi itachapwa kwenye karatasi gani, kwa mashine gani, na itafungwa vipi. Ninachoomba ni kimoja: kila matbaa iandike masharti yake ya faili na kuyatoa pamoja na makisio ya bei, na mteja asikubali usanifu uanze kabla hajayapata. Sababu zake ni hizi.

Cha kwanza kuamuliwa ni ukubwa, yaani kipimo cha kazi ikishakatwa. Waraka uliopangwa kwa A4 kisha ukabanwa kuwa A5 hupungua hadi asilimia 71 hivi. Herufi za pointi 12 zinakuwa za pointi 8.5, tanbihi za pointi 8 zinashuka chini ya 6, na mistari ya majedwali inakonda hadi mingine isionekane kabisa. Msomaji mwenye macho mazima atasumbuka. Mwenye miwani ataacha kusoma. Kitabu cha A5 kipangwe kwenye ukurasa wa A5 tangu sentensi ya kwanza.

Halafu kuna ziada ya kukatwa, ambayo mafundi huiita blidi. Karatasi hukatwa zikiwa rundo, na rundo likibanwa chini ya kisu husogea kidogo. Picha inayoishia ukingoni kabisa itaacha mstari mweupe kwenye nakala kadhaa, hata kisu kikiwa kikali na fundi akiwa makini. Kwa hiyo rangi au picha yoyote inayotakiwa kufika ukingoni ivuke ukingo huo kwa milimita 3 kila upande. A4, ambayo ni milimita 210 kwa 297, inakuwa 216 kwa 303. Na kwa sababu hiyo hiyo maandishi, nembo na namba za kurasa zirudi ndani angalau milimita 5. Fremu nyembamba inayozunguka jalada milimita 2 kutoka ukingoni ni mtego: kisu kikihama kwa nusu milimita tu, upande mmoja wa fremu utaonekana mnene kuliko mwingine, na hakuna mpiga chapa atakayeweza kuuficha.

Blidi hupotea kwa njia tatu. Msanifu huiweka kwenye mipangilio ya waraka lakini picha yenyewe hajaivuta hadi kwenye mstari wa nje. Au ameivuta, ila wakati wa kutoa PDF amesahau kuweka alama kwenye kisanduku kinachoamuru blidi itolewe. Au amegundua dakika za mwisho kuwa haipo, akaukuza ukurasa wote kwa asilimia 3. Hapo maandishi nayo yanasogea kuelekea kwenye kisu. Alama za kukatia, yaani mistari midogo ya pembeni inayoonyesha kisu kipite wapi, zina kasoro yake pia. Katika InDesign, programu ya kusanifu kurasa, alama hizo huwekwa pointi 6 kutoka ukingoni isipobadilishwa, yaani milimita 2 na kidogo. Kwa blidi ya milimita 3, alama zinaingia ndani ya blidi na zinaweza kubaki zikionekana pembeni mwa kazi iliyokatwa. Umbali huo uwekwe milimita 3 au zaidi. Matbaa nyingi hazitaki alama hizo kabisa, maana programu yao ya kupanga kurasa huweka za kwake. Hilo nalo ni la kuandikwa kwenye masharti.

Kwenye rangi ndiko kwenye ugomvi mwingi. Kioo cha kompyuta na cha simu hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, yaani RGB. Mashine ya ofseti, ambayo huchapa kwa mabamba yaitwayo pleti, moja kwa kila wino, hutumia wino wa sayani, majenta, manjano na mweusi, yaani CMYK, juu ya karatasi ambayo haitoi mwanga wake yenyewe. Ziko rangi ambazo kioo kinaziweza na wino hauziwezi: buluu kali, kijani cha kung'aa, chungwa lenye moto. Faili ya RGB ikifika matbaani hubadilishwa tu, na anayeibadilisha ni kompyuta ambayo haijui kuwa kijani kile ndicho cha nembo ya shule. Ni heri msanifu aibadilishe mwenyewe, aone kilichopungua, kisha arekebishe akiwa bado na nafasi.

Buluu ndiyo inayowashangaza wateja kuliko zote, kwa kuwa hugeuka zambarau. Sababu yake haifichiki. Sayani asilimia 100 pamoja na majenta asilimia 100 haitoi buluu, inatoa zambarau. Anayetaka buluu ibaki buluu aiache majenta nyuma ya sayani kwa alama 30 au zaidi, kwa mfano sayani 100 na majenta 65. Asiiamini rangi ya kioo. Asome tarakimu, kisha azilinganishe na kitabu cha sampuli za rangi kilichochapwa kwenye karatasi ya aina ile ile.

Kubadilisha kwenda CMYK bila kujua karatasi ni kazi nusu. Profaili ya rangi ndiyo inayoeleza wino utakavyokaa kwenye karatasi fulani. Karatasi iliyopakwa, yaani yenye tabaka la kuilainisha, hushikilia wino juu, karatasi isiyopakwa huunyonya, na ya gazeti huunyonya zaidi, nukta za wino zinazounda picha zikavimba na picha ikawa nzito. Kwa ofseti ya karatasi iliyopakwa, matbaa nyingi zinazofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 12647-2 zitaomba profaili iliyojengwa juu ya FOGRA39 au FOGRA51, ambazo ni seti za vipimo vya uchapaji. Kwa isiyopakwa wataomba FOGRA52. Nyingine wana profaili yao waliyoipima kwenye mashine yao. Msanifu asiyeambiwa huacha ile iliyokuja na programu, ambayo huenda ilitengenezwa kwa ajili ya mashine na karatasi za bara jingine.

Profaili hiyo ndiyo pia inayoweka ukomo wa wino. Kila rangi inaweza kufika asilimia 100, hivyo nne kwa pamoja zinaweza kufika 400, na hakuna karatasi inayobeba mzigo huo. Kwa karatasi iliyopakwa ukomo huwa kati ya 300 na 330. Kwa isiyopakwa mafundi wengi hupenda kushuka hadi 280 au chini yake. Kwa karatasi ya gazeti ni 220 hadi 240. Ukivukwa, wino haukauki kwa wakati. Karatasi zikirundikwa, wino wa juu wa karatasi moja huhamia mgongoni mwa nyingine, na kitabu hutoka na vivuli vya picha za ukurasa usiohusika. Vivuli vyeusi ndani ya picha huziba, na nywele za mtu zikawa doa moja. Wanaopeleka matangazo magazetini walizingatie hili zaidi kuliko wote: picha iliyoandaliwa kwa ajili ya jarida la kung'aa, ikipelekwa hivyo hivyo gazetini, itatoka tope.

Naomba nikae kidogo kwenye rangi nyeusi, kwa sababu inaonekana rahisi na ndiyo inayoharibu vitabu vingi. Nyeusi ya maandishi iwe wino mweusi peke yake, asilimia 100, na zile tatu ziwe sifuri. Maandishi meusi ya RGB yakibadilishwa na kompyuta hugeuka mchanganyiko wa rangi nne; kwa mipangilio ya kawaida ya Photoshop, programu ya kuhariri picha, hutoka sayani 75, majenta 68, manjano 67 na nyeusi 90, jumla 300. Sasa herufi ndogo ya pointi 9 inatakiwa ichapwe na pleti nne zinazolingana sawasawa kabisa. Pleti moja ikihama kwa sehemu ya kumi ya milimita, kila herufi inaota kivuli chekundu au cha buluu ubavuni, na ukurasa mzima unaonekana kama umechapwa mara mbili. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye mtandao au kwenye programu ya ofisi ndiyo huja na ugonjwa huu. Programu kubwa za uchapaji zina dirisha la kukagua pleti moja moja: ukiifunga pleti nyeusi, maandishi yote ya kitabu yatoweke kwenye kioo. Yakibaki hata kwa rangi hafifu, faili haijawa tayari.

Eneo kubwa jeusi ni habari nyingine. Jalada zima likichapwa kwa wino mweusi peke yake hutoka kijivu kilichochoka. Hapo huongezwa rangi nyingine chini yake. Mchanganyiko wa sayani 60, majenta 40, manjano 40 na nyeusi 100 hutoa jumla ya 240 na weusi wa kina. Matbaa inaweza kuwa na mchanganyiko wake, basi ufuatwe huo. Kisichotakiwa kabisa ni ile rangi ya alama za usajili, yaani za kulinganishia pleti, iliyo kwenye orodha ya rangi za programu. Kwenye kioo inaonekana nyeusi kama nyeusi nyingine, kumbe ni asilimia 100 ya kila pleti, na ni ya alama hizo na za kukatia tu. Mtu anayeitumia kwa maandishi au kwa kisanduku amevuka ukomo wote niliotaja.

Nyeusi ina tabia nyingine: wino mweusi wa asilimia 100 kwa kawaida huchapwa juu ya rangi iliyo chini bila kuitoboa, yaani rangi ile haiachi nafasi tupu chini yake. Kwa maandishi hilo ni jema, maana hakuna mwanya mweupe utakaojitokeza pleti zikihama. Lakini kisanduku cheusi kilicholala nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi tupu kitatoka na weusi wa aina mbili, na mpaka wa picha utaonekana ndani yake. Na kinyume cha hatari hiyo ni kitu cheupe kilichopewa amri hiyo hiyo ya kuchapwa juu. Nyeupe haina wino, kwa hiyo kikichapwa juu kinatoweka. Nembo nyeupe iliyokuwa nyeusi hapo mwanzo, ikabadilishwa rangi bila kuondolewa amri hiyo, huonekana vizuri kwenye kioo na hukosekana kwenye jalada. Ndiyo sababu PDF ikaguliwe katika Acrobat, programu ya kufungulia PDF, kwa hali inayoonyesha rangi zinazochapwa juu ya nyingine, si kwa kuifungua kwenye kivinjari cha simu.

Kwenye picha, swali ni pikseli (vijidoa vinavyounda picha) ngapi zinaingia katika kila inchi kwa ukubwa ule picha itakaochapwa. Kanuni ni mara mbili ya mistari ya skrini ya uchapaji, yaani safu za nukta za wino zinazoingia katika inchi moja. Ofseti ya mistari 150 kwa inchi huhitaji pikseli 300. Gazeti la mistari 85 hadi 100 hutosheka na 170 hadi 200. Hesabu yake haihitaji mtaalamu: gawanya pikseli za upana wa picha kwa 300, zidisha kwa 2.54, utapata sentimita. Picha ya pikseli 1,280, ambayo ni aina ya picha zinazofika zikiwa zimebanwa na WhatsApp, inatosha sentimita 10.8 tu. Kuijaza kwenye jalada la A4, linalohitaji pikseli 2,551 kwa 3,579 pamoja na blidi, ni kuomba ukungu. Kubadilisha tarakimu 72 iwe 300 kwenye Photoshop hakuongezi chochote kilichokosekana. Programu inabuni pikseli za katikati kwa kukisia. Anayetuma picha kwa WhatsApp aitume kama hati, si kama picha, ili isibanwe.

Picha ikikuzwa ndani ya ukurasa, pikseli zake kwa inchi hupungua kwa kiwango hicho hicho. Picha ya 300 iliyokuzwa mara mbili imebaki 150, na dirisha la viungo katika InDesign au la sifa za picha katika Scribus litaonyesha tarakimu halisi. Michoro ya mistari mitupu, sahihi na mihuri iliyoskaniwa kwa rangi nyeusi na nyeupe pekee ihifadhiwe kwa pikseli 1,200 kwa inchi, la sivyo kingo zake zitaonekana kama meno ya msumeno. Nembo zisiskaniwe kabisa. Iombwe faili ya awali ya programu za kuchorea kama Illustrator au CorelDRAW, ambayo hukuzwa kwa kiasi chochote bila kuharibika. Na maandishi yasiandikwe ndani ya Photoshop kisha yakageuzwa picha, maana hata kwa pikseli 300 kingo za herufi ndogo hulegea.

Mistari isiwe chini ya pointi 0.25, ambayo ni milimita 0.09. Programu nyingine huwa na mstari uitwao mwembamba kama unywele, usio na kipimo maalumu: mashine ya ofisini huuonyesha, mashine ya pleti huuchora kwa wembamba wake wote, na haupo tena. Maandishi meupe ndani ya rangi yawe makubwa na yenye mikono minene, kwa kuwa wino hutanuka kuelekea ndani na kuyala. Chini ya pointi 8 ni kujitafutia lawama.

Fonti zote ziingizwe ndani ya PDF. Fonti isiyokuwamo hubadilishwa na nyingine, upana wa herufi hubadilika, mistari huvunjika upya, na sura iliyoishia ukurasa wa 40 huishia wa 41. Hii ndiyo sababu matbaa hukataa faili ya programu ya kuandikia ofisini: hiyo hujipanga upya kila inapofunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Kugeuza herufi kuwa michoro ni dawa ya jalada na nembo, si ya kitabu kizima, kwani baada ya hapo kosa la tahajia halirekebishiki na herufi ndogo hunenepa kidogo.

Kwa vitabu vya Kiswahili kuna kipengele ambacho wasanifu hukipuuza. Lugha ya maandishi ikiachwa kuwa Kiingereza katika mipangilio, programu hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, na msomaji hukutana na "mwan-" juu na "afunzi" chini. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Kama programu haina kanuni za Kiswahili, ni afadhali kuzima ukataji wa maneno na kupanga maandishi kwa kuanzia kushoto bila kunyoosha upande wa kulia. Ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo nayo ikaguliwe, kwa sababu usahihishaji wa kompyuta hupenda kuigeuza alama ya kufungulia nukuu, hasa mtu anapoacha nafasi kimakosa kabla yake.

Sasa ufungaji, ambao huamua mengi kuliko watu wanavyodhani. Kijitabu cha kubanwa kwa pini katikati kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne. Kikiwa na 30, mbili tupu zitaongezwa mahali fulani, na ni heri mwandishi aamue wapi. Kikiwa kinene, kurasa za katikati husukumwa nje na zile zinazozizunguka. Kijitabu cha kurasa 64 cha karatasi yenye unene wa milimita 0.1 husukumwa kwa takriban milimita 1.5, na kiasi hicho hukatwa kwenye ukingo wa nje. Matbaa hulifidia jambo hili wakati wa kupanga kurasa, lakini namba ya ukurasa iliyowekwa milimita 3 kutoka ukingoni haitafidiwa na mtu.

Kitabu cha kufungwa kwa gundi husagwa mgongoni milimita 2 au 3 kabla ya kupakwa gundi, tena hakifunguki hadi chini. Pambizo ya ndani iwe milimita 18 hadi 20. Picha inayovuka kurasa mbili zinazotazamana hupoteza katikati yake; uso wa mtu usiwekwe hapo.

Mgongo wa jalada huhesabiwa hivi: gawanya kurasa kwa mbili upate karatasi, zidisha kwa unene wa karatasi moja. Kitabu cha kurasa 160 kina karatasi 80. Kwa karatasi isiyopakwa ya gramu 80 yenye unene wa milimita 0.1, mgongo ni milimita 8. Jalada lake la A5 basi ni 148 na 148 na 8, jumla 304. Ukiongeza blidi linakuwa 310 kwa 216. Hesabu hii inaonekana nyepesi, lakini gramu hazisemi unene. Karatasi iliyopakwa ya gramu 115 inaweza kuwa nyembamba kuliko ya gramu 80 isiyopakwa, kwa sababu imebanwa. Unene lazima utoke matbaani, kwa karatasi ile ile iliyonunuliwa. Mgongo ukikosewa kwa milimita 2, jina la kitabu huhamia kwenye uso wa jalada. Na matbaa ikibadilisha karatasi kwa kuwa ile ya kwanza imekwisha sokoni, imwambie msanifu kabla ya jalada kwenda kwenye pleti.

Kipeperushi cha A4 cha kukunjwa sehemu tatu kisigawanywe 99, 99 na 99. Sehemu inayoingia ndani huwa na milimita 97 na nyingine mbili 100 kila moja, la sivyo itagonga mkunjo na kujipinda. Upande wa pili wa karatasi mpangilio hugeuka, na hapo ndipo wengi hukosea: sehemu ya 97 iliyo kulia mbele iko kushoto nyuma.

Msimbopau wa kitabu hauna nafasi ya mapambo. Ukubwa wa kawaida wa EAN-13, aina inayowekwa kwenye vitabu, ni milimita 37.29 kwa 25.93, na haupunguzwi chini ya asilimia 80. Mistari iwe ya wino mweusi peke yake juu ya nyeupe, na nafasi tupu iachwe milimita 3.6 kushoto na 2.3 kulia. Usichapwe kwa rangi nyekundu, kwa kuwa visomaji vingi hutumia mwanga mwekundu na mistari hiyo haionekani kwao kabisa. Msimbo wa QR nao unahitaji nafasi tupu yenye upana wa miraba yake midogo minne pande zote.

Rangi maalumu, yaani wino uliokwisha kuchanganywa, kama zile za Pantone, kila moja huhitaji pleti yake. Faili ya rangi nne inayobeba rangi maalumu mbili zilizosahaulika itatoa pleti sita, au matbaa itazibadilisha bila kumuuliza mtu. Jina moja likiandikwa kwa namna mbili, lenye herufi C (karatasi iliyopakwa) mwishoni katika nembo na lenye U (isiyopakwa) katika maandishi, huhesabiwa kuwa rangi mbili. Kama kuna vanishi ya sehemu, yaani inayopakwa mahali fulani tu pa jalada, huwekwa kama rangi maalumu yenye jina lake, asilimia 100, na hupewa amri ya kuchapwa juu ili isitoboe picha iliyo chini.

Kazi ikikamilika itolewe kama PDF/X, familia ya viwango vya ISO 15930 iliyotungwa kwa ajili ya uchapaji. PDF/X-1a, iliyoanza mwaka 2001, hukubali CMYK na rangi maalumu tu na hairuhusu uwazi, yaani vitu vinavyoonyesha kilicho chini yake. Vivuli laini na picha zinazopenya hubanwa kuwa vipande. PDF/X-4 huuacha uwazi kama ulivyo na kuuachia mtambo wa matbaa uushughulikie. Mitambo mipya huipenda X-4. Ya zamani inaweza kuchapa kisanduku cheupe mahali palipokuwa na kivuli. Hakuna jibu moja, ndiyo maana inabidi kuuliza. Scribus, ambayo ni programu huria, inatoa PDF/X na ina mkaguzi wake wa makosa, kwa hiyo ukosefu wa programu za kulipia si kizuizi. Kurasa zitoke moja moja, si zikiwa mbili mbili zimeungana, kwa sababu matbaa hupanga ukurasa wa 1 kando ya wa mwisho na si kando ya wa 2. Jalada liwe faili yake peke yake. Jina la faili liwe na jina la kazi na tarehe. Neno "mwisho" lisiwemo, kwa kuwa litafuatwa na "mwisho kabisa" na hakuna atakayejua lipi lilichapwa.

Prufu (nakala ya ukaguzi kabla ya kuchapa) ya PDF kwenye kioo ni ya kukagua maandishi na mpangilio wa kurasa. Haithibitishi rangi. Kama rangi ina uzito katika kazi, iombwe prufu iliyochapwa kwa profaili ya kazi yenyewe na kutazamwa chini ya mwanga wa kelvini 5,000 unaoelezwa katika ISO 3664. Chini ya taa ya manjano ya ofisini, kijivu kitaonekana kahawia na utamlaumu fundi bure. Anayetia sahihi awe ameisoma, na asaini kila ukurasa.

Kwa wenye matbaa, karatasi ya masharti ninayoiomba haizidi mistari kumi: kipimo baada ya kukatwa, blidi, aina na unene wa karatasi, profaili, ukomo wa wino, mchanganyiko wa nyeusi ya maeneo makubwa, aina ya PDF/X, aina ya ufungaji, kipimo cha mgongo, na kama alama za kukatia zinatakiwa au la. Iongezwe na sharti moja kuhusu marekebisho: kosa likionekana baada ya prufu, mteja alete faili nzima upya, asitume ukurasa mmoja wa kupachikwa. Ukurasa uliopachikwa huwa umetolewa kwa mipangilio mingine, pengine na mtu mwingine, na maandishi yake hutofautiana weusi na yale ya ukurasa unaotazamana nao. Faili mpya ikifika, prufu ya zamani ihesabiwe imefutwa na ukaguzi uanze tena ukurasa wa kwanza.

Wako,
Mtayarishaji wa faili za uchapaji